Siku mbili za mapumziko nchini Thailand: niyatembelee vipi mahekalu ya Ayutthaya?

Mwalimu wa Mwanga (Kigoma)

Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Kigoma. Nimepata nafasi ya kuhudhuria mafunzo ya wiki mbili jijini Bangkok mwishoni mwa Machi, na katika ratiba niliyotumiwa kuna Jumamosi moja na Jumapili yake ambazo hatutakuwa na kipindi chochote. Wenzangu wa safari wamekwisha kuamua kuzimalizia madukani. Moyo wangu mimi uko Ayutthaya, mji mkuu wa kale wa ufalme wa Siam, yaani Thailand ya leo. Kila mwaka huwaambia wanafunzi wangu kwamba Wareno walioivamia Kilwa mwaka 1505 waliiteka Malaka, katika Malaysia ya leo, mwaka 1511, na mwaka huohuo wakapeleka mjumbe Ayutthaya. Baada ya hapo mwanafunzi akiuliza Ayutthaya ni wapi na palikuwa na nini, sina la kuongeza zaidi ya kuonyesha ramani.

Nimesoma kwamba mahekalu ya mji ule ni mengi mno, mengine magofu na mengine yangali na watawa na waumini wake. Ningependa kujua ni mangapi mtu anaweza kuyatembelea kwa siku mbili bila kukimbizana na saa, na aanzie lipi. La pili linanihusu mwenyewe zaidi. Mimi ni Mwislamu na huvaa hijabu. Sina nia ya kuabudu wala kukejeli, nakwenda kujifunza. Hata hivyo, nimeambiwa kwamba kuna sanamu moja ambayo anayetaka kuipiga picha huamriwa kuchutama mbele yake, na jambo hilo limenitia wasiwasi. Je, waliofika huko walifanyaje? Nitashukuru pia kwa maelezo ya usafiri wa treni na ya chakula.

Fundi wa Mifereji (Tabora)

Mwalimu, umenigusa kwenye mada ninayoipenda. Niliishi Thailand miaka miwili nikisomea umwagiliaji katika chuo kimoja kilichoko kaskazini mwa Bangkok, na kwa kuwa Ayutthaya ilikuwa mwendo wa chini ya saa moja kwa treni kutoka pale nilipokuwa nikikaa, nilikwenda huko mara nyingi kiasi kwamba mwenye kukodisha baiskeli aliacha kunidai amana.

Nianze na kosa langu ili usilirudie. Mara ya kwanza nilikwenda na orodha ya mahekalu tisa. Niliyamaliza yote kabla ya jua kuzama, na usiku nilipozitazama picha zangu sikuweza kulitofautisha hekalu hili na lile: matofali mekundu, mnara, sanamu isiyo na kichwa, kisha matofali mekundu tena. Tangu hapo kila aliyeniuliza nimemshauri manne siku ya kwanza na moja au mawili siku ya pili, na alale hukohuko Ayutthaya badala ya kurudi Bangkok usiku, kwa maana nyumba za wageni za bei nafuu ni nyingi na alfajiri ya mji ule haina mfano.

Kabla ya hekalu lolote, tazama maji. Mji umekaa kwenye kisiwa kilichozungukwa na mito mitatu, yaani Chao Phraya, Pa Sak na Lopburi, na mifereji iliyochimbwa na watu ilikamilisha kile ambacho mito haikukifanya. Mfalme U Thong aliuasisi mwaka 1350, na kwa miaka 417 wafalme 33 walitawala hapo. Maji yalikuwa barabara yao, shamba lao na ngome yao, kwa kuwa kila masika mito ilipofurika, jeshi lolote lililouzingira mji lililazimika kufungasha na kuondoka. Waburma walipokuja mwaka 1766 hawakuondoka. Walijijengea kambi mahali palipoinuka, wakakusanya mashua, wakayasubiri maji yapungue, na mwezi Aprili 1767 wakaingia na kuuteketeza mji. Magofu utakayoyaona ni matokeo ya moto ule, na pia ya uchukuzi uliofuata, kwa sababu Bangkok ilipofanywa mji mkuu mwaka 1782 matofali mengi ya Ayutthaya yalipakiwa kwenye mashua na kushushwa mtoni kwenda kujengea kuta mpya.

Sasa jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mapema. Minara ya Ayutthaya ni ya aina mbili kubwa. Ule unaofanana na gunzi la mahindi lililosimamishwa huitwa prang, na asili yake ni kwa Wakhmer wa Kambodia. Ule wenye umbo la kengele iliyochongoka juu huitwa chedi, na mtindo wake ulitoka Sri Lanka pamoja na mafundisho ya Ubuddha wa Theravada. Wafalme wa mwanzo walijenga prang. Waliofuata wakapendelea chedi. Kisha mwaka 1630 Mfalme Prasat Thong akairudia prang, alipomjengea mama yake hekalu la Wat Chaiwatthanaram. Ukiingia na maarifa hayo tu, kila uwanja utakaosimama utaweza kukisia ni wa zama za mwanzo, za kati au za mwisho, na mara nyingi utapatia.

Jumamosi saa mbili asubuhi uwe Wat Mahathat, kabla ya mabasi ya watalii kuwasili. Hekalu hilo liliasisiwa mwaka 1374, na prang yake kuu ilianguka mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo utakuta kitako chake tu. Hapo ndipo kilipo kile kichwa cha Buddha cha jiwe la mchanga kilichokumbatiwa na mizizi ya mti wa bodhi, ambao ni wa ukoo mmoja na mkuyu wetu. Mzizi umekizunguka kichwa pande zote na kuuacha uso peke yake, mtulivu kabisa, kama mtu aliyejifunika blanketi wakati wa baridi. Mlinzi aliyepo hapo hudai kwamba kichwa cha anayepigwa picha kisiwe juu ya kichwa cha Buddha, na hilo ndilo uliloambiwa. Mimi nilichutama kama wengine na sikuona tatizo, lakini mimi si Mwislamu, basi nawaachia wenye elimu hiyo.

Ukivuka barabara unaingia Wat Ratchaburana, na kwa mwalimu wa historia hapa ndipo pa kukaa saa nzima. Mfalme alipofariki mwaka 1424, wanawe wawili wakubwa walipigania kiti wakiwa juu ya tembo na wote wawili wakauawa katika pambano hilo, kiti kikamwangukia mdogo wao wa tatu, Chao Sam Phraya, ambaye aliwajengea kaka zake hekalu mahali walipochomewa miili. Chini ya prang kulikuwa na chumba cha siri kilichojaa dhahabu. Mwaka 1957 wezi walikivunja na kuchukua mali nyingi. Kilichookolewa kimehifadhiwa katika makumbusho ya taifa yenye jina la mfalme huyohuyo, yaliyofunguliwa mwaka 1961. Unaruhusiwa kupanda mnara na kushuka kwa ngazi nyembamba na ya wima hadi ndani ya chumba, ambamo bado kuna michoro ya ukutani iliyofifia. Mwenye hofu ya mahali finyu asishuke.

Saa za mchana zitumie makumbusho, kwa sababu mle ndani ni kivuli na utaiona dhahabu yenyewe. Makumbusho mengi ya taifa kule hufungwa Jumatatu na Jumanne, kwa hiyo Jumamosi haina shaka. Jua likipungua makali nenda Wat Phra Si Sanphet, lililokuwa hekalu la ndani ya kasri ya mfalme ambalo halikuwa na watawa wa kuishi humo. Chedi zake tatu zilizopangwa mstari mmoja zilijengwa kwa ajili ya majivu ya wafalme, na hapo palikuwa na sanamu ya Buddha iliyosimama, yenye urefu wa mita 16, iliyovishwa dhahabu ambayo Waburma waliiyeyusha kwa moto mwaka 1767. Kisha ifikapo saa kumi jioni vuka mto kwenda Wat Chaiwatthanaram, upande wa magharibi. Mnara wake wa kati una urefu wa mita 35 na unakaa katikati ya minara midogo kama kuku na vifaranga. Utawakuta vijana wa Kithai wamekodi mavazi ya kale ya kifalme ili wapigwe picha; wasikushangaze, ni mapenzi ya historia yao, japo mwenye kukodisha naye anapata riziki yake.

Kuhusu treni utajisikia nyumbani. Kipande cha kwanza cha reli ya kaskazini, kutoka Bangkok hadi Ayutthaya, kilifunguliwa mwaka 1896, miaka 18 kabla ya reli yetu kufika Kigoma. Ni kiasi cha kilomita 71, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili. Panda daraja la tatu, ambalo nauli yake ni ndogo kuliko bei ya chakula cha mchana, madirisha yamefunguliwa na wachuuzi hupita na vikapu vya vyakula kama wanavyotukimbilia wenye asali hapa Tabora. Angalia tu tiketi yako inasema unapandia stesheni ipi, kwa sababu tangu Januari 2023 treni nyingi za safari ndefu huondokea stesheni kuu mpya ya Krung Thep Aphiwat, wakati treni za kawaida zimebaki Hua Lamphong. Ukishuka Ayutthaya uko ng'ambo ya kisiwa. Tembea moja kwa moja hadi mtoni, utavushwa na kimashua kwa senti chache.

Nikumegee na hili kwa kuwa u Mswahili. Mwaka ulioandikwa kwenye tiketi usikutishe, kwani wao huhesabu kwa kalenda ya Kibuddha iliyo mbele kwa miaka 543, na mwaka 2025 kwao ulikuwa 2568. Na jioni, saa wanazozitaja wenyeji utazielewa kuliko Mzungu yeyote: ile tuiitayo saa moja usiku wao huiita thum moja, na saa mbili usiku huiita thum mbili, hesabu ileile yetu.

Mzee wa Ujiji (Kigoma)

Mwanangu Mwalimu, marahaba. Nimelisoma swali lako la pili mara mbili, nami nitalijibu hilo peke yake, maana la minara huyu bwana wa Tabora amelimaliza.

Mimi si mufti. Nilikuwa baharia, nikafika bandari za Asia mara kadhaa ujanani, na huko Siam nilipelekwa na wenzangu kuona majumba hayo. Nakupa ninalolishika mwenyewe, nawe umuulize sheikh wako kabla ya kupanda ndege. Kutazama ni kutazama na kuabudu ni kuabudu, na baina yao ipo nia. Ukiingia mahali pa ibada ya watu wengine, usipokee udi wala maua wanayogawa kwa ajili ya kuweka mbele ya sanamu; ukipewa, weka mkono kifuani, tabasamu, utikise kichwa, na hakuna atakayekukasirikia. Mtu akikuamkia kwa kuunganisha viganja, hiyo ni salamu ya wenyeji wote, hata sokoni, na mkono kifuani unatosha kuijibu.

Adabu zao nyingi hazitakuwa ngeni kwako. Viatu huvuliwa mlangoni, jambo ambalo mtoto wa Ujiji hahitaji kufundishwa na mtu. Mabega na magoti hufunikwa, na kwa hijabu yako na gauni refu utakuwa umevaa vizuri kuliko watalii wengi, ambao hukodishwa vitambaa getini. Kizingiti cha mlango hakikanyagwi, bali hurukwa. Ukiketi ndani, ikunje miguu upande kama mama zetu wanavyoketi mkekani, kwa sababu kuielekeza nyayo kwenye sanamu au kwa mtu ni tusi. Na wewe mwanamke, usimguse mtawa wala usimkabidhi kitu mkononi. Kiweke chini au kwenye kitambaa atakachokitandaza. Basi hata humo mwenye kujihifadhi haonekani mtu wa ajabu.

Ama kuhusu kichwa kilichomo mizizini, mimi nilisimama kando nikakitazama hadi nikatosheka, na sikukaa mbele yake kupigwa picha. Anayelazimika kuchutama ni yule anayetaka sura yake ionekane pamoja na sanamu. Usipoitaka picha ya namna hiyo, jambo lenyewe halikufikii.

Nikuongezee lililo ndani ya taaluma yako. Usidhani unakwenda mji ambao Uislamu haukufika. Karne ya 17 alikuwapo Ayutthaya mfanyabiashara wa Kiajemi, Sheikh Ahmad wa Qom, aliyepanda cheo katika serikali ya mfalme hadi kuwa waziri mkubwa na kiongozi wa Waislamu wa nchi ile, kwa cheo cha Chularatchamontri ambacho kipo mpaka leo kwa mkuu wa Waislamu wa Thailand. Kaburi lake liko hukohuko Ayutthaya. Mfalme Mbuddha alimpa Mwislamu ushuru wa bandari ausimamie, na kizazi chake kikaendelea kuwa na nguvu kwa karne nyingi. Sisi tuliozaliwa Ujiji, ambako Mmanyema, Mha, Mwarabu na Mhindi walikaa mtaa mmoja kwa sababu ya biashara, hatupati shida kuielewa habari hiyo.

Kwa hiyo chakula halali kipo. Wauzaji wa roti sai mai, ambayo ni chapati nyembamba ya rangi inayoviringishiwa sukari iliyovutwa ikawa nyuzi laini, wengi wao ni Waislamu wa Ayutthaya, na utawatambua kwa hijabu zao kando ya barabara iliyo mbele ya hospitali ya mji. Waulize hao mahali pa kula. Supu za tambi zinazouzwa mashuani na vibandani uziepuke mpaka uwe na hakika, kwa sababu nyingi huwa na nguruwe au huongezwa damu.

Muuguzi wa Gungu (Kigoma)

Mzee wangu shikamoo, na dada Mwalimu hongera kwa safari.

Nitaanza na la kazini kwangu. Thailand humdai msafiri anayetoka Tanzania cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo lazima ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia nchini kwao. Ukiwa uliwahi kuchanjwa na kadi yako ya njano unayo, haihitaji kurudiwa, kwani tangu 2016 inahesabika kuwa ya maisha yote. Nimekwisha kuona watu wakija kuomba chanjo siku mbili kabla ya safari, na hakuna muuguzi anayeweza kuzirudisha siku nyuma. Pia tangu Mei 2025 kila mgeni hujaza fomu ya kuwasili kwa njia ya mtandao ndani ya siku tatu kabla ya kufika.

Kaka wa Tabora ameyaeleza mahekalu vizuri, lakini amezungumza kama mtu mwenye mapafu ya miaka ishirini na tano. Mwisho wa Machi ni kiangazi chao kikali. Nilikwenda huko mwezi kama huo kwa ziara ya kanisa, nikijiambia kwamba mzaliwa wa Kigoma hatishwi na jua, na saa sita mchana nilikuwa nimekaa chini ya mti nikiwa na kizunguzungu. Kwetu upepo wa ziwa hutusaidia bila sisi kujua. Kule joto hupita nyuzi 35 na hewa ni nzito yenye unyevu, magofu hayana paa, na matofali nayo hurudisha joto usoni. Baiskeli ni nzuri asubuhi na jioni. Mchana kodi bajaji zao, ambazo za Ayutthaya zina pua ya mviringo kama chura, na mpatane bei ya safari nzima kabla hujaketi. Beba mwavuli, maji, na chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, zile pakiti tunazowapa watoto wanaoharisha.

Mbwa wa kuzurura wapo wengi kwenye viwanja vya mahekalu. Usiwachezee. Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kichaa cha mbwa kipo.

Utaona pia tembo waliopambwa wakibeba watalii. Mimi sikupanda, na sitakuficha kwamba nilisikitika: mnyama aliyezoea msitu kutembezwa juu ya lami na mnyororo mguuni si utamaduni ninaotaka kuulipia. Wengine wataniambia kwamba hata wafalme walipanda, na nitawajibu kwamba wafalme walikuwa vitani.

Kwa lile la kuchutama, nitoe neno dogo, na mzee aniwie radhi. Wengi wetu hapa tumelelewa kupiga goti tunapowaamkia wakwe na wazee, na hakuna aliyewahi kusema kwamba tunawaabudu. Mimi ni Mkristo na nilichutama pale nikiona ni adabu ya mgeni kwenye nyumba ya mtu. Walinzi hawaangalii unaamini nini, bali kwamba usijiinue juu ya kile wanachokiheshimu. Kilichowakasirisha siku ile ni kijana mmoja aliyesimama nyuma ya sanamu isiyo na kichwa akaweka chake juu ya shingo ili achekeshe wenzake. Alikemewa mbele ya watu wote.

Mzee wa Ujiji (Kigoma)

Binti yangu Muuguzi, marahaba. Mkwe wangu ni mtu aliye hai, huniamkia na mimi nikamwitikia. Hapo ndipo tunapoachana, na tuachane kwa amani. La yule kijana nakubaliana nawe kabisa.

Mwalimu wa Mwanga (Kigoma)

Nawashukuru wote, na sikutarajia kupata majibu marefu kiasi hiki. Habari za Sheikh Ahmad zimenikosesha usingizi kwa furaha. Naona kipindi kizima cha kidato cha tatu ndani yake.

Nimepanga hivi, nanyi mnirekebishe. Jumamosi nitapanda treni ya alfajiri, niingie Wat Mahathat na Wat Ratchaburana asubuhi, makumbusho mchana, Wat Phra Si Sanphet baadaye, na jioni Wat Chaiwatthanaram kwa bajaji. Nitalala Ayutthaya. Jumapili ningependa kuona hekalu moja lililo hai, ambalo watu husali, kisha nizuru kaburi la Sheikh kabla ya kurudi. Kile kichwa cha mizizini nitakitazama nikiwa nimesimama pembeni, kama alivyofanya mzee, na nikihitaji picha ya kuwaonyesha wanafunzi nitaipiga bila mimi kuwamo. Nimebakiwa na maswali mawili: hekalu lipi lililo hai linafaa, na je, nikinunua kisanamu kidogo cha Buddha cha kufundishia darasani kuna tatizo lolote?

Fundi wa Mifereji (Tabora)

Mpango wako ni mzuri, na Muuguzi amenirekebisha kwa haki. Leo hata mimi nisingeendesha baiskeli saa saba mchana.

Kwa Jumapili nenda Wat Phanan Choeng, kusini mashariki mwa kisiwa, ng'ambo ya mto. Liliasisiwa mwaka 1324, yaani lilikuwapo miaka 26 kabla ya mji wenyewe, na sanamu yake ya Buddha aliyeketi ina urefu wa mita 19 ndani ya ukumbi unaoizunguka kwa karibu, kiasi kwamba unalazimika kuinua shingo mpaka kofia idondoke. Wathai wenye asili ya Kichina hufurika humo. Ukibahatika utakuta waumini wameleta kitambaa kirefu cha rangi ya machungwa, nao watumishi waliopanda miguuni pa sanamu hukirusha juu hadi mabegani pake, kisha ncha zake hushushwa na kutandazwa juu ya vichwa vya watu waliokaa chini. Wewe kaa nyuma kabisa karibu na nguzo, upande ambao hautafunikwa, na utaona kila kitu. Ukiwa humo tazama mkono wa kulia wa sanamu: vidole vinaelekea chini kugusa ardhi, ishara ya Buddha kuiita ardhi iwe shahidi wake aliposhinda vishawishi. Mkao huo umeuona Jumamosi kwenye magofu mara nyingi, ila hapo utauona wote, na mikono yake, na kichwa chake.

Kisanamu usinunue. Kutoa sanamu za Buddha nje ya Thailand kunahitaji kibali cha Idara ya Sanaa, na wauzaji wa mitaani hawatakwambia hilo. Nunua kadi za picha, na omba ramani ya magofu ofisi ya utalii. Roti sai mai nayo uile hukohuko, kwa sababu nilijaribu kuileta Tabora na nilipofungua mfuko ile sukari ya nyuzi ilikuwa imegeuka gundi.